Usinihesabie kuku, nitajie mbegu: kupima banda la nyumbani

Mimi ni seremala wa Chanika, Dar es Salaam, na siku hizi mabanda ya kuku yananipa riziki kuliko vitanda na makabati. Mteja akipiga simu huanza hivi: "Fundi, nataka banda la kuku 30, shilingi ngapi?" Namuuliza: kuku gani, mama? Simu inakaa kimya kidogo, kisha nasikia, "Kuku tu, hawa wa kawaida."

Kuku wa kawaida hayupo. Yupo tetea wa kienyeji mwenye kilo moja na robo, anayeruka ukuta wa futi tano na kutua upande wa pili bila kutikisika. Yupo Brahma anayemzidi uzito mara tatu, ambaye ukimweka juu ya meza anasita kushuka. Wajengee hao wawili banda la namna moja, utamkuta wa kwanza amelala juu ya mwembe na wa pili anachechemea. Ndiyo maana kabla ya kutoa bei nataka mbegu kwanza, idadi baadaye.

Anza na uzito wa kuku aliyekomaa

Vifaranga wa siku moja ndani ya boksi wote ni manyoya na makelele, na wengi hupanga banda kwa kuangalia hao. Banda lipimwe kwa jogoo mzima wa mbegu hiyo, kwa sababu ndani ya miezi michache ndiye atakayekuwa anapita mlangoni.

Kienyeji wetu wa kawaida, tetea ana kilo 1 hadi 1 na nusu, jogoo anafika 2 hivi. Lakini hata kienyeji hawalingani. Ching'wekwe wa Morogoro ana miguu mifupi na mwili mdogo, hata nafasi ndogo inamtosha. Kuchi ni kinyume chake kabisa: miguu mirefu, shingo ndefu, kifua mbele, na jogoo wake anakaribia kilo 3 au kuzipita. Akisimama wima kichwa chake kinanipita goti. Mtu akiniambia "nina kienyeji" na kumbe ana kuchi, vipimo vyote vinabadilika.

Kuku wa mayai wa kisasa, hawa wa kahawia, wana kilo 2 tu. Kuroiler, mbegu iliyotoka India, na Sasso, ya Ufaransa, ndio ninaowajengea zaidi: tetea kilo 2 na nusu hadi 3, jogoo 3 na nusu na wengine 4. Brahma wanafugwa zaidi kwa mapambo, tetea karibu kilo 4 na jogoo 5. Upande wa chini kabisa wapo bantamu, kuku wadogo sana wa nusu kilo hadi kilo moja.

Kama hujui uzito wa kuku wako, usikisie kwa macho, maana manyoya yanadanganya. Chukua kiroba, kata kona moja tundu la kupitisha kichwa, muingize kuku, kichwa kitoke, kisha ning'iniza kiroba kwenye mzani wa ndoano kama ule wa wauza samaki. Kuku akibanwa mabawa anatulia na unasoma vizuri. Pima tetea mkubwa na jogoo mkubwa. Kama bado hujanunua, nenda kwa mfugaji utakayenunua kwake uombe kuwapima wazazi wao.

Sakafu

Mafundi wenzangu wengi tunafanya kazi kwa futi, kwa hiyo nitatumia futi. Kwa kuku wanaofunguliwa asubuhi wakashinda nje na kurudi jioni, mimi napiga hivi: bantamu futi moja ya mraba kwa kila mmoja, kienyeji futi 2, kuku wa mayai 2 na nusu, Kuroiler na Sasso 3, Brahma 4 hadi 5. Kuchi nawaweka pamoja na Sasso, na jogoo wa kuchi wawili wazima siwaweki chumba kimoja hata banda liwe kubwa namna gani, wataumizana.

Chukua banda la futi 8 kwa 6, ambalo ndilo watu wengi wanaweza kulipata nyuma ya nyumba. Hizo ni futi 48 za mraba. Kienyeji watalala humo 24 kwa raha. Kuroiler, 16. Brahma, 10 au 12. Banda ni lilelile, mbao ni zilezile, lakini yule mama aliyetaka banda la kuku 30 anaweza kuhitaji futi 60 au futi 150. Sasa unaelewa kwa nini siwezi kumtajia bei kwenye simu.

Vipimo hivyo ni kwa kuku wanaotoka nje. Kama unaishi sehemu ya majirani wanaobanana, Tandika au Manzese, na kuku watashinda ndani mwaka mzima, zidisha mara mbili, au ongeza uwanja mdogo wa wavu mbele ya banda. Usijaribu kukwepa hili. Kuku waliobanwa wanaanza kudonoana manyoya ya mkiani, ikitoka damu hawaachi tena, na mwisho wanakula mayai yao wenyewe.

Kipimo kizuri kuliko futi ni pua yako. Asubuhi kabla hujafungua mlango mkubwa, ingia, chuchumaa mpaka uso wako uwe usawa wa kichwa cha kuku, vuta pumzi. Ukisikia macho yanawasha, ile ni hewa kali ya kinyesi inayopanda kutoka kwenye maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni yakalowa. Wewe umeivuta dakika moja, wao wamelala nayo usiku kucha. Ama kuku wamezidi, ama maranda hayajageuzwa, ama hewa haitoki. Kuku wazito hufikisha banda hapo mapema zaidi kwa sababu wanakula zaidi na kunya zaidi.

Broila sitawazungumzia sana. Wao hukaa wiki tano au sita tu, futi moja ya mraba kwa kila mmoja inatosha, na hawahitaji kichanja cha kulalia wala kiota.

Vichanja vya kulalia

Hapa ndipo mbegu inapojionyesha, na ndipo ninapoona kuku wengi wakiumizwa na watu wanaowapenda.

Mama mmoja wa Kisarawe aliniita akisema, "Fundi, kuku wangu wanachechemea, nimewapa dawa zote za dukani." Alikuwa na Sasso katika banda alilolirithi kwa mkwewe, lililojengwa kwa ajili ya kienyeji. Nikamkamata tetea mmoja, nikamgeuza miguu juu, nikamuosha unyayo kwa maji ya uvuguvugu. Katikati ya unyayo palikuwa na kigaga cheusi kama punje ya hindi, na nyama ya kukizunguka ilikuwa imevimba, nyekundu, na ya moto ukiigusa. Nikainua macho kwenye kichanja: kilikuwa juu futi 4. Chini ni sakafu ya saruji, maranda membamba kiasi kwamba saruji ilionekana.

Tetea wa kilo 3 anaporuka kutoka futi 4 kila alfajiri, unyayo ndio unaopokea uzito wote. Ngozi inachubuka, bakteria wa kwenye kinyesi wanaingia, usaha unaganda ndani. Dawa ya dukani itatuliza, lakini kesho alfajiri ataruka tena. Tulishusha kichanja mpaka futi 1 na nusu, tukamwaga maranda inchi 4, na bwana mifugo akawatibu waliokwisha kuvimba. Kuku wengine waliobaki hawakuanza kuchechemea.

Kwa hiyo: Kuroiler, Sasso na kuku wengine wa kilo 2 na nusu kwenda juu, kichanja kisizidi futi 1 na nusu hadi 2 kutoka sakafuni. Brahma, futi 1. Bantamu na kienyeji, wape urefu, futi 3 mpaka 5, kwa sababu hao wana asili ya kulala juu. Ukiwawekea kichanja cha chini watakidharau na kwenda kwenye mwembe au juu ya bati la jirani, na huko ndiko paka na bundi wanakowasubiri. Silki, wale wenye manyoya kama pamba, wako peke yao: ni wadogo lakini hawawezi kuruka vizuri, kwa hiyo wape kichanja cha inchi 6 hadi futi 1, au wataamua kurundikana chini kwenye kona.

Unene wa mti nao una maana. Kienyeji anashika vizuri mrunda wa unene wa kifundo cha mkono. Kuku mzito anataka kukalia kitu bapa, maana anaegemeza kifua pia. Mimi naweka mbao ya inchi 2 kwa 4 nikiilaza upande mpana ukae juu, kisha nazungusha kona kwa randa zisimchome. Mianzi mitupu iliyokauka siipendi kwa kuku wazito. Inateleza, na ikipasuka ile ncha inachana unyayo.

Upana wa kukaa kwa kila mmoja, hesabu inchi 7 au 8 kwa kienyeji, 10 kwa Kuroiler, 12 kwa Brahma. Kichanja cha futi 8 kinabeba kienyeji 12, Brahma 8. Ukiweka zaidi ya kimoja, acha futi moja na kitu kati yao, na kwa kuku wazito viweke vyote kimo kimoja. Vikipishana, wote watagombania cha juu, na aliyesukumwa na kilo 4 za mwenzake anaanguka vibaya. Kienyeji unaweza kuwapangia kama ngazi, ila cha chini kisikae moja kwa moja chini ya cha juu, wasinyeane.

Mlango, njia ya kupandia na viota

Mlango mdogo wa kienyeji, inchi 10 upana na 12 kimo, unatosha. Kuroiler nawapa 12 kwa 14. Kuchi na Brahma 14 kwa 18, kuchi kwa sababu ya kimo, Brahma kwa sababu ya kifua. Mlango ukibana, kuku hawafi, lakini jioni wanarundikana nje wakingoja zamu, na wale wanyonge wanabaki nje mpaka giza.

Mabanda yaliyoinuliwa juu ya nguzo yanapendwa sana huku Pwani, na ni mazuri: maji ya mvua hayaingii, nguchiro anapata taabu, kinyesi kinadondoka. Kwa kienyeji nainua mpaka futi 3 au 4 na kuweka kiubao cha kupandia tu. Kwa kuku wazito siinui zaidi ya futi 2, na njia ya kupandia iwe na urefu wa futi 5 au 6 ili ilale, upana wake futi moja, na vipande vya mbao vilivyopigiliwa kukatiza kila baada ya inchi 4 au 5. Ukiisimamisha sana, watapanda kwa shida na kushuka kwa kujitupa, na umerudi kwenye nyayo zilezile.

Sakafu ya banda la kuinuliwa kwa kawaida ni vipande vya mbao vyenye mianya, au wavu. Kienyeji hawana neno nayo. Kuku mzito akikaa siku nzima juu ya wavu, waya unamla unyayo. Kwao nataka mbao tupu zilizofunikwa maranda au makapi ya mpunga. Brahma na silki wana manyoya mpaka vidoleni, na tope likigandamana kwenye manyoya hayo linakauka kama saruji na kung'oa kucha. Kama una hao, mbele ya mlango wao mwaga kokoto au mchanga mkavu, na msimu wa masika usiwafungulie mpaka ardhi inyonye maji.

Viota: kimoja kwa matetea 4 au 5. Kienyeji sanduku la futi moja kila upande. Sasso na Kuroiler inchi 14 kwa 14 na kimo 16. Brahma 16 kwa 16. Kiota kidogo kwa kuku mkubwa kinavunja mayai, kwa sababu hapati pa kugeukia na anayakanyaga akitoka. Kikubwa mno kwa kuku mdogo nacho kina hasara, wawili wataingia pamoja. Mbele piga ubao wa inchi 4 kuzuia nyasi zisimwagike. Kwa wazito kiota kikae chini, futi moja hivi au hata sakafuni kabisa. Na kwa mbegu yoyote, kiota kiwe chini kuliko kichanja, la sivyo watalala humo na utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi.

Hewa

Kuku hatoki jasho. Anapunguza joto kwa kuhema na kwa sehemu zisizo na manyoya, ndiyo maana kishingo, yule mwenye shingo tupu, anavumilia jua la Dar kuliko wenzake, na Brahma aliyevaa manyoya mpaka miguuni anahema mdomo wazi kufika saa sita mchana. Huku Pwani ukuta wa kuziba nauishia futi 2 hadi 3 kutoka chini, juu yote ni wavu. Banda nalilaza urefu wake uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipenye ndani asubuhi na jioni. Bati naliweka juu, futi 7 upande wa mbele, 6 nyuma, na kama kuna makuti naomba mteja atandaze juu ya bati. Kwa kuku wazito nasisitiza kabisa.

Mteja wa Njombe au Lushoto, kwenye baridi, nampangia tofauti. Ukuta unapanda juu zaidi, wavu unabaki futi 2 za juu, na gunia la kushusha usiku. Brahma huko atakaa vizuri sana, na bantamu ndiye utakayemhurumia.

Wavu wenyewe: ule mwepesi wa matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, hauzuii mbwa wala nguchiro kuingia. Futi 3 za chini weka wavu mgumu wa kuchomelea wenye tundu la nusu inchi. Ukifuga bantamu weka huo mpaka juu.

Ukitaka kuwachanganya

Wengi wanataka jogoo wa Kuroiler kwa matetea wa kienyeji wapate chotara. Mimi siwakatazi. Lakini jogoo wa kilo 4 akimpanda tetea wa kilo 1.3, kucha zake zinamchana mgongoni. Inua mabawa ya matetea kila wiki uangalie ngozi. Ukiona mgongo umekuwa mtupu au una mikwaruzo, mtoe jogoo. Afadhali jogoo kijana ambaye bado hajafika kilo 3, au jogoo wa kienyeji kwa matetea wakubwa. Kuhusu idadi, jogoo mmoja kwa matetea 10 ni kawaida ya kienyeji, kwa mbegu nzito sana 6 hadi 8.

Banda la mchanganyiko nalijenga kwa pande mbili. Upande mmoja kichanja kipana cha futi 1 na nusu, upande wa pili mirunda ya futi 4. Ndani ya siku chache kila mmoja anajua pake, hakuna haja ya kuwafundisha. Vilishio viwe viwili pande tofauti, na ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Cha wakubwa kiinue kwa tofali, cha wadogo kikae chini. Nafasi ya kudonoa ni inchi 4 kwa kila kuku mzito, 3 kwa kienyeji. Kuchi usimchanganye na bantamu kwa namna yoyote.

Kabla hujanunua mbao, chukua chokaa au majivu uchore sakafu ya banda pale pale nyuma ya nyumba, kwa vipimo vyake halisi. Weka ndoo mahali pa kilishio, dumu mahali pa maji, maboksi mahali pa viota, ulaze mti mahali pa kichanja. Halafu ingia ndani ya mchoro na fagio, ufagie kama utakavyofagia kila asubuhi. Kama unagonga ndoo kila ukigeuka, ongeza futi 2 kwenye urefu sasa hivi, wakati bado ni majivu.